Hristo: jina nililodhani ni la mchezaji mpira

Saa sita kamili mchana, tarehe 2 Juni, nilikuwa Sofia, Bulgaria, kwenye lile soko wanaloita Zhenski pazar, yaani soko la wanawake, nimeinama nachagua cheri kwenye meza ya mama mmoja, mara king'ora kikaanza kulia. Sio cha gari la wagonjwa wala cha zimamoto, hiki kilikuwa cha mji mzima, kinaanzia chini kinapanda kinapanda mpaka unahisi kifua kinatetemeka. Mimi akili ikaenda moja kwa moja kwenye vita. Nikainua kichwa nitafute watu wanakimbilia wapi nami nikimbilie hukohuko, nikakuta hakuna anayekimbia. Yule mama amesimama wima, mfuko wa cheri mkononi, haupeleki kwangu wala haurudishi mezani. Kijana aliyekuwa anasukuma mkokoteni ameuachia. Mzee mmoja amevua kofia. Soko zima kimya, ni king'ora tu na njiwa.

Kilipokata kila mtu akaendelea alipoishia, mama akanipimia cheri zangu kama vile hakuna kilichotokea. Nikamgeukia yule mzee aliyevua kofia, nikamuuliza kwa Kibulgaria changu cha kubahatisha, dyado, ni vita? (Dyado ni babu, ndivyo unavyomwita mzee wa umri ule hata kama humjui.) Akanitikisia kichwa juu chini. Sasa hapo ujue, Mbulgaria akitikisa kichwa juu chini anamaanisha hapana, na akikitikisa huku na huku ndio anakubali, na mimi nilikuwa na wiki mbili tu pale, kwa hiyo kwa sekunde kadhaa niliamini kweli ni vita. Halafu akasema maneno mawili: Hristo Botev.

Nilivyosikia Hristo nikasema, aah, Stoichkov, yule wa mpira!

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Akarudia polepole, kama unavyomrudishia mtoto neno alilokosea: Botev. Hristo Botev. Akavaa kofia yake akaondoka. Na mimi tangu siku ile nimekuwa na hili jina kichwani, nimelisoma, nimelifuatilia, na leo nimeamua niliandike maana naona haya kwamba kwa miaka yote ile niliamini jina Hristo ni mali ya mtu mmoja mwenye mguu wa kushoto.

Tuanze na jina lenyewe. Ile H ya mbele si h laini, ni kh, kama ile ya kheri. Khristo. Kwa herufi zao ni Христо. Linatokana na Kigiriki, Khristos, aliyepakwa mafuta, masihi. Kwa hiyo ndiyo, ni Kristo. Sio mtumishi wa Kristo, sio zawadi ya Kristo, ni Kristo mwenyewe, mtoto anaamshwa asubuhi aende shule, Hristo amka umechelewa. Mwanzoni ilinishtua kidogo, lakini wao wameweka mpaka mwembamba sana: Yesu kwa Kibulgaria ni Isus Hristos, na mtu ni Hristo. Herufi moja tu, ile s ya mwisho, ndiyo inayomtenganisha Bwana na fundi bomba. Na ukizoeana naye humwiti hata Hristo, unamwita Itso. Mwanamke anakuwa Hristina. Mtoto wa Hristo anakuwa Hristov akiwa wa kiume, Hristova akiwa wa kike.

Hapo kwenye Hristov na Hristova nisimame kidogo maana ndipo nilipoanza kuwaelewa hawa watu. Mbulgaria ana majina matatu. La kwanza lake, la katikati la baba yake limewekewa mkia wa -ov au -ev (na -ova, -eva kwa mwanamke), la tatu la ukoo. Na lile la kwanza kwa desturi ya zamani hawaliokoti hewani, linatoka kwa babu au bibi, kwa hiyo majina kwenye familia yanazunguka, babu Hristo, mjukuu Hristo, katikati yao baba mwenye jina lingine kabisa. Ndio maana jina hili halijafa. Kila Hristo anayezeeka kuna uwezekano kuna kadogo kake kanakotambaa mahali fulani. Wengine sa hivi wanapunguza, wanachukua ile herufi ya kwanza tu, babu Hristo mjukuu anaitwa jina lolote linaloanza na hiyo kh, na mzee anakubali yaishe.

Sasa Botev, mshairi wao aliyekufa akipigania uhuru. Kwa kanuni hiyohiyo utaona Botev hata si jina la ukoo. Baba yake aliitwa Botyo Petkov, mwalimu, mtu wa vitabu, kwa hiyo mtoto ni Hristo wa Botyo, Hristo Botev. Anahusishwa na mji mdogo wa Kalofer, chini ya safu ya milima ya Balkan, na siku yake ya kuzaliwa kwa kalenda ya leo ni 6 Januari 1848. Lakini wakati ule walikuwa wanatumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 12. Rudisha siku 12 uone unafika wapi. 25 Desemba. Alizaliwa siku ya Krismasi, akaitwa Hristo. Niliposoma hilo usiku ule niliweka simu chini nikatazama ukuta.

Wakati huo Bulgaria haikuwa nchi, ilikuwa chini ya dola ya Osmani, karibu karne tano. Baba akampeleka kijana Odessa kusoma mwaka 1863, huko akasoma kila kitu isipokuwa alichotakiwa kusoma, akafukuzwa 1865. Akarudi Kalofer, baba akaugua, akashika darasa badala yake, na mwezi Mei 1867 siku ya sherehe ya Watakatifu Kiril na Metodii, wale waliowapa Waslavi herufi, akasimama mbele ya watu akatoa hotuba kali juu ya utawala na juu ya matajiri wa mji waliokuwa wanaishi nao kwa kupatana. Ilibidi aondoke. Wazo lilikuwa arudi Urusi akamalizie masomo. Akaishia Romania, na Romania ndipo alipokaa maisha yake yote yaliyobaki, ambayo yalikuwa miaka 9.

Kuna kipande cha maisha hayo ninachokipenda kuliko vyote. Majira ya baridi ya 1868, nje kidogo ya Bucharest, kwenye kinu cha upepo kilichotelekezwa, vijana wawili hawana pesa, hawana kuni, nguo zao zimechanika, wanalala humo. Mmoja ni Botev. Mwingine ni Vasil Levski, ambaye baadaye atazunguka Bulgaria nzima kwa siri akitengeneza kamati za mapinduzi mpaka anyongwe Sofia 1873. Wawili hao ndio picha mbili utakazozikuta zimetundikwa darasani ukiingia shule ya Kibulgaria, na kuna wakati walikuwa wanagawana baridi kwenye kinu kibovu. Botev aliandika barua kwa rafiki akimshangaa mwenzake, kwamba huyu mtu baridi inapasua mawe, njaa siku mbili tatu, na yeye anaimba. Yaani mshairi mkubwa kuliko wote wa taifa lao ndiye anayemshangaa mwenzake kwa kuimba.

Na mashairi yenyewe ni machache jamani. Kama 20 hivi. Kitabu kimoja, 1875, tena alichapisha pamoja na Stefan Stambolov, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu. Mengine yote aliyoandika ni magazeti, lilianza moja 1871 likafa, likaja lingine likafa, yote ya wakimbizi, yote bila pesa. Mashairi 20 na nchi nzima inayajua kwa moyo. Mimi nimeyasoma kwa tafsiri na kamusi pembeni, na hata hivyo unaona huyu mtu hakuwa anapamba, anaongea na mama yake, anaongea na mke wake, anaongea na mlima, na kila mahali ameshaamua kwamba atakufa.

Aprili 1876 maasi yakalipuka Bulgaria na yakazimwa kwa damu nyingi sana. Yeye yuko ng'ambo ya mto Danube, ana miaka 28, ana mke, Veneta, na mtoto wa kike wa wiki chache. Akakusanya kikosi, kama watu 200. Swali likawa watavukaje mto. Hapa ndipo watoto wa Kibulgaria wanaposikiliza masikio yamesimama. Kulikuwa na meli ya abiria ya Austria-Hungary inaitwa Radetzky, inapanda na kushuka Danube kwa ratiba yake. Wapiganaji wakapanda kidogokidogo kwenye bandari tofauti za upande wa Romania wamevaa kama wakulima wa bustani, na hakuna aliyeshtuka maana Wabulgaria walijulikana kote huko kwa kazi ya bustani za mboga, kila mwaka makundi yao yanasafiri na majembe na masanduku. Ila safari hii masanduku yalikuwa na bunduki. Meli ikiwa katikati ya mto Botev akatoa ishara, nguo za bustani zikavuliwa, zikatokea sare na kofia zenye simba mbele. Akamkabidhi kapteni, jina lake Dagobert Engländer, barua kwa Kifaransa akimweleza kwa adabu kwamba abiria wake hawatadhurika, wanachotaka ni kushushwa ufukwe wa Bulgaria, karibu na Kozloduy. Wakashushwa. Wakapiga magoti wakabusu ardhi.

Walitegemea vijiji viinuke. Vijiji vilikuwa vimetoka kuchomwa, watu wana hofu, karibu hakuna aliyejiunga. Siku tatu za kutembea na kupigana kuelekea milima ya Vratsa, na jioni ya siku ya mwisho, karibu na kilele cha Okolchitsa, risasi ikampata. Kwa kalenda ya zamani ilikuwa 20 Mei. Ukiongeza 12 ni 1 Juni. Bulgaria ilipohamia kalenda mpya 1916 tofauti ilikuwa imeshafika siku 13, wakaongeza 13, ikawa 2 Juni, na 2 Juni ndiyo imebaki. Siku moja zaidi. Kila mwaka saa sita mchana ving'ora nchi nzima, na watu wanasimama walipo, dereva anasimama, mama wa cheri anasimama.

Baada ya hapo jina lake limeenea kila mahali: kilele kirefu kuliko vyote cha safu ya Balkan, mita 2,376, kinaitwa Botev, kuna idhaa ya redio ya taifa inaitwa Hristo Botev, kuna timu za mpira Plovdiv na Vratsa zinaitwa Botev. Na ile meli, ilishakatwakatwa zamani, miaka ya 60 watoto wa shule nchi nzima wakachangia visenti vyao ikajengwa nyingine mfano wake, na tangu 1966 iko majini ni makumbusho, unaweza ukapanda kule Kozloduy.

Sasa turudi kwa yule wangu wa kwanza.

Kama umri wako unafanana na wangu basi kombe la dunia la 1994 unalijua bila mimi kukueleza. Hristo Stoichkov, jina kamili Hristo Stoichkov Stoichkov (unaona, la katikati la baba, Stoichko, na la ukoo nalo hilohilo), mzaliwa wa Plovdiv, 8 Februari 1966. Kwao walimwita Kamata, jambia. Mguu wa kushoto, hasira mbele, akipiga faulo huoni mpira unaona nyavu tu. Mimi nilikuwa mtoto tunagombania nafasi mbele ya tivii, na nilichagua Bulgaria kwa sababu moja tu, jina lake lilikuwa linanoga kulitamka, Stoich-kov, na mtangazaji alilitamka kila mara tofauti.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule, na ndicho kinachofanya stori iwe kubwa, ni kwamba Bulgaria walikuwa wameenda kombe la dunia mara tano kabla ya hapo, 1962, 1966, 1970, 1974 na 1986, mechi 16, na hawakuwahi kushinda hata moja. Hata moja! Halafu hata kufuzu kwenyewe hiyo 94 kulikuwa kwa roho mkononi, Paris, Novemba 1993, Ufaransa wanahitaji sare tu, dakika ya 90 Emil Kostadinov akatia bao la pili, 2-1, Wafaransa wakabaki nyumbani. Ndio wakaenda Marekani. Gemu ya kwanza Nigeria wakawapiga 3-0, ikawa mechi ya 17 bila ushindi, kila mtu akasema tayari, ndio walewale. Halafu Ugiriki 4-0, penati mbili za Stoichkov. Halafu Argentina 2-0, Stoichkov akafungua. Mexico sare ya moja, bao la Stoichkov dakika ya 6, wakashinda kwa matuta, kipa Mihaylov akawa ukuta. Halafu tarehe 10 Julai, Ujerumani, mabingwa watetezi, wanaongoza kwa penati ya Matthäus, dakika ya 75 faulo nje kidogo ya boksi.

Sitasahau jinsi alivyosimama. Hakukimbia kutoka mbali. Hatua chache, mguu wa kushoto, mpira ukapita juu ya ukuta ukashuka, na kipa hakutikisika. Dakika tatu baadaye Letchkov na upara wake akaruka akapiga kichwa, 2-1, Ujerumani nje. Tulikuwa tunapiga kelele kwa ajili ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuionyesha kwenye ramani.

Nusu fainali Italia wakawatoa 2-1, Baggio mawili, na lile moja la Bulgaria penati ya Stoichkov tena. Mabao sita, akagawana ufungaji bora na Oleg Salenko wa Urusi, mwisho wa mwaka akachukua mpira wa dhahabu. Upande wa klabu nako alikuwa Barcelona ya kocha Cruyff, na namna alivyofika huko inafurahisha, 1989 akiwa na timu yake ya jeshi ya Sofia walikutana na Barcelona nusu fainali ya kombe la washindi, Barcelona wakashinda mechi zote mbili lakini mabao yote matatu ya Wabulgaria yalikuwa yake, na Cruyff akakumbuka. Mwaka uliofuata akatwaa kiatu cha dhahabu na mabao 38 akigawana na Hugo Sánchez, akahamia Hispania. Na hukohuko mwezi Desemba 1990 akamkanyaga refa mguu, akafungiwa. Simtetei kwa hilo, refa ni refa. Ila nikimsoma Botev anavyofukuzwa shule na Stoichkov anavyofungiwa, siwezi kusema majina yanaumba tabia, siamini hivyo, nasema tu Wabulgaria wenyewe wanapenda watu wa namna hii, wasiomeza maneno, na wanawasamehe mengi.

Kabla yake kulikuwa na Hristo mwingine kwenye mpira, na naona watu wa nje wanamsahau bure, Hristo Bonev, wa Plovdiv pia, wanamwita Zuma. Yule wa kizazi cha mechi bila ushindi, 1974 alifunga dhidi ya Uruguay kombe la dunia ikaisha sare. Na mwaka 1998 Bulgaria ilipoenda Ufaransa kocha alikuwa yeye, na mbele yake uwanjani akiwa Stoichkov. Hristo kwenye benchi, Hristo uwanjani. Haikwenda vizuri, Hispania waliwapiga 6-1, lakini nimeipenda hiyo picha.

Sasa kuna wa tatu mkubwa, na huyu ndiye aliyelitumia jina kwa namna ambayo hakuna mwingine. Hristo Vladimirov Yavashev, kazaliwa Gabrovo 13 Juni 1935. Baba alikuwa na kiwanda, wakomunisti walipoingia kikataifishwa. Kijana akasoma chuo cha sanaa Sofia, na enzi hizo wanafunzi wa sanaa walikuwa wanapelekwa mashambani kando ya reli, ile reli inayopitisha treni ya Orient Express yenye wageni kutoka magharibi, kuwafundisha wakulima jinsi ya kupanga matrekta na marundo ya nyasi yapendeze machoni pa wageni dirishani. Nchi ipendeze kwa sekunde zile treni inazopita. Mwaka 1957 akiwa Prague akatoroka ndani ya behewa la mizigo mpaka Vienna, hana nchi tena, hana pasi. Akafika Paris akawa anaishi kwa kuchora picha za wake za watu wakubwa, na kwenye moja ya nyumba hizo, alipoitwa amchore mama, akakutana na binti, Jeanne-Claude. Wakaja kugundua wamezaliwa tarehe moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja, yeye Gabrovo, binti Casablanca. Hawakuachana tena mpaka binti alipofariki 2009.

Duniani anajulikana kama Christo. Basi. Jina la baba aliliacha, la ukoo aliliacha, akabaki na lile la kwanza tu, kwa tahajia ya kigeni. Huyu na mkewe ndio waliolifunika jengo la bunge la Ujerumani, Reichstag, kwa kitambaa mwaka 1995, jengo zima, zaidi ya mita za mraba 100,000, watu milioni 5 wakaja kulitazama kwa wiki mbili. Walianza kuomba ruhusa miaka ya 70! Miaka zaidi ya 20 ya kuombaomba kwa ajili ya wiki mbili. New York mwaka 2005 walitundika milango 7,503 ya rangi ya zafarani kwenye bustani ya Central Park. Italia 2016, akiwa peke yake sasa, akaweka njia ya kutembea juu ya maji ziwa Iseo, siku 16, watu zaidi ya milioni moja wakatembea juu ya ziwa kwa miguu yao (na magazeti yasingeweza kuacha kutaja jina lake na kutembea juu ya maji). Kila kitu alilipia mwenyewe kwa kuuza michoro yake, hakuchukua pesa ya serikali wala ya kampuni, na kiingilio hakuna. Nimekaa nikafikiri yule kijana aliyefundisha kupanga nyasi ili mgeni adanganyike kwa sekunde chache. Akatumia maisha yake kutengeneza vitu vikubwa vya siku chache ambavyo havimdanganyi mtu yeyote, unaviona ni kitambaa, unavishika, vinaondolewa. Alifariki New York tarehe 31 Mei 2020, na mwaka uliofuata watu wake wakamfungia lile lango la Arc de Triomphe pale Paris kama alivyolichora tangu ujana wake, kitambaa cha fedha chenye samawati na kamba nyekundu.

Wengine nitawataja haraka ingawa kila mmoja angestahili posti yake. Hristo Danov, mwalimu, ndiye aliyeanzisha biashara ya uchapishaji wa vitabu kwa Wabulgaria kule Plovdiv wakiwa bado chini ya Osmani, na hadi leo tuzo ya taifa ya vitabu ina jina lake. Hristo Markov aliruka miruko mitatu Seoul 1988 mita 17.61 akachukua dhahabu ya Olimpiki. Na Hristo Smirnenski, ooh, huyu ananiumiza, kazaliwa 1898 Kukush, mji ambao leo uko Ugiriki unaitwa Kilkis, vita ya 1913 ikauchoma, familia ikakimbilia Sofia na yeye akawa anauza magazeti barabarani. Jina lake halisi ni Izmirliev. Aliandika mashairi ya watoto wa mtaani, wauza maua, vibarua, na kifua kikuu kikamchukua Juni 1923 akiwa na miaka 24. Juni tena.

Siku ya jina nayo niiseme, maana kwa Wabulgaria siku ya jina ni kubwa kama siku ya kuzaliwa, na wageni hawaalikwi, wanakuja tu, mwenye jina ajiandae. Ya Hristo ni 25 Desemba. Kwa hiyo Hristo na Hristina wote wanagawana siku yao na Krismasi yenyewe. Jioni ya kuamkia siku hiyo meza ni ya vyakula visivyo na nyama, idadi yake witiri, saba au tisa au kumi na moja, na mkate wenye sarafu ndani ambao mkubwa wa nyumba anaumega, kipande cha kwanza cha Mama wa Mungu, halafu cha nyumba, ndipo watu. Kesho yake ndio nyama, na ndio milango inagongwa, Chestit imen den, Itso, yaani heri ya siku ya jina! 

Nimerudi kwa Botev tena, sina namna. Akiwa ndani ya ile meli, kabla hajatoa ishara, aliandika barua kwa Veneta. Anamwambia asikasirike kwamba hakumuaga wala hakumwambia anakwenda wapi, na kwamba akifa ajue kuwa baada ya nchi yake, aliyempenda kuliko wote ni yeye, na amtunze mtoto. Mtoto alikuwa hajafikisha miezi miwili. Alikuwa amempa jina la mama yake mzazi, Ivanka, kama desturi inavyotaka. Hakumjua baba yake, hakuna namna angemkumbuka. Ila kila alipoandika jina lake kamili alimkuta pale katikati: Ivanka Hristova Boteva.